Taa Tatu za Kwenye Droo

14 Januari

Mpwa wangu Bi Maswali,

Hujambo huko uliko? Sisi huku tu wazima, wa afya za kuungaunga. Magoti yangu yananisuta kila nikipanda ngazi, lakini mikono ingali imara, na mchora mabango ni mikono. Kaka yako alirudi juzi na lori lake baada ya siku ishirini njiani. Amenenepa, na mkewe anasema hiyo si dalili nzuri kwa mwanamume anayedai alikuwa akilala njaa. Binti yao ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa hataki kupigwa picha na hataki kucheka.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imenishinda. Nikikupigia unasema, "Salama, Mjomba," nami nasema, "Salama, mama," halafu tunabaki kusikilizana tunavyopumua. Tangu Oktoba hata hiyo salama sijaisikia. Barua angalau haikatiki katikati.

Neno lenyewe ni hili. Novemba iliyopita mama yako alitimiza miaka miwili tangu tumzike. Kaburini bado kimesimama kile kibao cha bati nilichokipaka rangi nyeupe wiki ile ya mazishi, na mpaka leo hakina herufi. Fundi kufuli wa hapo mkabala alinisimamisha asubuhi moja. "Mtaa mzima umeuandika wewe," akasema. "Bucha, duka la dawa, mpaka choo cha stendi. Dada yako tu ndiye hana jina." Nikamwambia kinyozi hajinyoi. Akacheka. Mimi sikucheka.

Tuandike nini? Jina na tarehe tu, au na neno? Kaka yako anasema atakubali lolote utakalosema wewe.

Na hiyo kazi yako ya taa, nieleze vizuri mtu wa brashi aelewe. Watu wakiniuliza nasema unatengeneza taa za simu, nao wanadhani unauza tochi.

Ni mimi mjomba wako, mwenye rangi kucha mpaka kiwiko


2 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika. Nashukuru. Wasalimie kaka na mkewe, na mwambie mtoto meno yataota.

Mimi ni mzima. Nalala, nakula. Chumba changu kiko ghorofa ya tatu na dirisha linatazama ukuta wa kiwanda cha magodoro. Asubuhi natembea dakika kumi na mbili mpaka maabara, jioni dakika kumi na mbili kurudi. Sina la kulalamika.

Uliuliza kuhusu kazi. Skrini ya simu ina nukta ndogondogo za rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Katika simu nzuri kila nukta ni taa yenyewe. Haina waya unaoungua kama balbu. Ina utando wa kemikali za kaboni, jamaa za mbali za hizo rangi zako, na ukiupitishia umeme unawaka. Kazi yangu ni kupika hizo kemikali. Zikiiva zinakuwa unga. Unga tunautia kwenye kikombe kidogo ndani ya chumba cha chuma kilichonyonywa hewa yote, tunaupasha moto, na mvuke wake unatua juu ya kioo. Huo ndio utando. Ungepanga tando elfu mbili ndipo upate unene wa unywele mmoja. Juu yake tunabandika kifuniko cha kioo kwa gundi, kwa sababu hewa ikipenya taa inakufa.

Nyekundu inaishi. Kijani inaishi. Buluu inakufa mapema. Mwanga wake una nguvu kuliko zile nyingine, na nguvu ileile inayoiwasha ndiyo inayoivunja. Kila mkemia wa fani hii anatafuta buluu isiyokufa. Mimi niliwahi kupata iliyoishi saa elfu moja na mia moja kabla mwanga wake haujapungua nusu. Ndiyo iliyonipa kiti cha utafiti nilichonacho. Wiki zile za kuipima ndizo zilizokuwa za mazishi. Unakumbuka nilikwambia siwezi kuziacha taa.

Kuhusu kibao nitafikiri.

Mpwa wako


20 Februari

Bi Maswali,

Marahaba, mama. Barua yako nimemsomea fundi kufuli, akasema, "Kumbe huyo mtoto ni mchora mabango kama wewe, ila bango lake dogo." Nimeipokea hiyo kama heshima kwetu sote.

Lakini umenichekesha na buluu yako. Kwetu sisi ni kinyume kabisa. Bango likikaa juani, nyekundu hutoroka kwanza, njano inafuata, na mwisho wa yote anabaki buluu peke yake kama mlevi ambaye hakuambiwa baa imefungwa. Nenda kaangalie bango lolote kuukuu, uso wa mtu utaukuta buluu kama wa maiti. Basi kumbe rangi moja, kwako dhaifu, kwangu ndiyo sugu. Nimekaa nikiiwaza wiki nzima.

Nimepata kazi ya kuchora ukuta wa shule, ramani ya dunia nzima. Mwalimu mkuu anataka bahari nyingi. Kaka yako yupo safarini tena. Mkewe amepanda mboga nyuma ya nyumba, pale mama yako alipokuwa akianika nguo.

Kuhusu zile wiki za mazishi, nakumbuka. Tuliache hilo. Uliwahi kuniuliza kwa simu mama yako alisema nini mwishoni, nikakujibu alikuwa amelala. Basi alikuwa amelala.

Mbona barua nzima hukutaja rafiki hata mmoja? Unakula na nani?

Mjomba wako


11 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Samahani kwa kuchelewa. Barua yako ilikuwa mezani, chini ya sahani. Nilikuwa naiona kila siku.

Nakula peke yangu, nimesimama. Si jambo la kusikitisha, ni haraka tu. Wenzangu ni watu wazuri. Mwezi uliopita mmoja wao alileta keki kwa ajili ya siku yangu ya kuzaliwa, na wote wakaimba. Niliwatazama midomo. Nilijua kwamba hapo mtu anatakiwa kufurahi, na nikafanya uso wa kufurahi, nadhani niliupatia.

Ukuta wa shule umefika wapi?

Kuna jambo moja. Septemba mwaka jana niliandikiwa na mwanamke mmoja, mtafiti kama mimi, wa chuo cha mji mwingine. Simjui. Anasema alifuata maelezo yangu ya ile buluu hatua kwa hatua kwa mwaka na nusu. Amepika unga mara kumi na moja. Taa zake zote zinakufa kabla ya saa ya tisini. Ameambatanisha picha na grafu, kazi safi sana. Mwishoni ameuliza swali moja: "Tafadhali niambie, ninakosea wapi?"

Ameandika tena Desemba, na tena Februari. Sijamjibu. Nilimwonyesha Bosi, profesa anayesimamia maabara yetu. Akaitazama kidogo, akasema, "Buluu inataka mikono. Huyu hana mikono. Achana naye."

Nakueleza wewe kwa sababu haikuhusu.

Mpwa wako


30 Aprili

Mpwa wangu,

Hatujambo. Ramani ya dunia nimeimaliza. Bahari zimekauka vizuri, ila nilisahau kisiwa kimoja na mtoto wa darasa la nne akakigundua, mwalimu mkuu akanifanya nirudi na ngazi. Wifi yako mpanda mboga amevuna mara mbili.

Sasa na mimi niseme langu, kisha unikasirikie ukitaka.

Kemia siijui, lakini mtu anayekwepa swali namjua. Sisi hatukukuita Bi Maswali kwa mzaha. Ulikuwa na miaka mitano ukamshika mama yako jikoni: "Kwa nini mkaa mweusi na jivu jeupe, na ni kitu kilekile?" Mama yako hakujua. Ulimfuata siku tatu. Mpaka akaniambia, "Mpe huyu mtoto jibu, la sivyo nitampa kofi." Sikuwa na jibu, nikakupa brashi ushike. Mtoto wa namna hiyo leo anaulizwa na mwenzake "ninakosea wapi" mara tatu, naye kimya? Kimya kingi kina mshindo mkuu, mama.

La pili. Kaka yako alikata kwenye gazeti ile picha yako na habari ya taa, kaibandika ndani ya lori juu ya kioo. Juzi nilipanda naye nikaisoma upya. Imeandikwa: "taa zote tano ziliishi zaidi ya saa elfu moja." Lakini siku ile niliyokupigia simu, mama yako yu hoi, wewe uliniambia, "Mjomba, nina taa nane zinawaka, siwezi kuziacha." Nane. Nalikumbuka neno hilo kwa sababu niliwajibu waliouliza mazishini: ana taa nane.

Mimi ni mtu wa kupima herufi kwa macho, nane na tano hazikai sawa kwenye bango. Hizo tatu zilikwenda wapi?

Sijui kitu. Nauliza tu.

Mjomba wako


8 Juni

Mpwa wangu,

Wiki tano zimepita. Nimempigia msimamizi wa jengo lenu, amesema unatoka na kurudi kama saa ya ukutani. Hilo limenituliza nusu.

Kama nimekukwaza, nisamehe. Kama hujakwazika, andika hata mstari mmoja. Andika hata "Mjomba, koma." Nitaliweka kwenye fremu.

Kaka yako amepata homa, amepona. Hapana jingine.

Mjomba


27 Juni

Shikamoo Mjomba,

Hujanikwaza. Nilikuwa natafuta jibu, na ilibidi nilitafute kwa darubini.

Zilikuwa nane. Nilizipanga kwenye ubao mmoja ndani ya kabati la kupimia, nikaziwasha pamoja. Kabla ya siku nne kuisha, tatu zilikuwa zimeshapungua nusu. Hilo hutokea. Nikasema gundi haikushika, hewa imepenya. Taratibu inataka uzifungue uangalie kabla ya kusema hivyo. Nikasema nitaangalia mwishoni. Nikaziweka kwenye bahasha, bahasha kwenye droo. Zile tano zikaendelea kuwaka.

Ukapiga simu. Nikakwambia nane ilhali zilizokuwa zikiwaka ni tano. Nilikwambia pia siwezi kuziacha. Mjomba, mashine ile inajirekodi yenyewe. Haihitaji mtu. Ningefunga mlango nikaondoka, namba zingejiandika zenyewe, na fundi mitambo alikuwapo kama umeme ungekatika. Aliniambia mwenyewe, "Nenda, nitakulindia." Nilikaa kwenye kiti mbele ya kabati. Jumapili, wakati mnazika, nilikuwa kwenye kiti kile. Sikulia. Sikusali. Nilikuwa natazama namba ya tarakimu nne, ya mwisho ndiyo iliyokuwa ikibadilika.

Kwa nini sikwenda, sijui. Ningekuwa najua ningekwambia. Miguu haikunyanyuka.

Baada ya hapo sikuweza kufungua ile droo. Kama zile tatu zingekuwa na maana, basi ningekuwa niliketi pale kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwa kweli. Kwa hiyo kwenye makala nikaandika "tano." Sikuongeza namba yoyote, sikubadilisha hata moja. Niliacha tatu tu. Bosi alisoma, akapiga meza kwa furaha. Sikuona kama nimefanya jambo. Sikuwa naona mambo wakati ule, na hata sasa siyaoni vizuri.

Barua yako ya Aprili niliisoma mara moja. Siku ya kumi na tisa nilifungua droo. Hewa ikipenya kwenye taa, inaacha madoa meusi yanayoanzia pembeni na kutambaa kuingia ndani, kama kutu. Niliziweka chini ya darubini moja baada ya nyingine. Hazikuwa na doa hata moja. Gundi ilikuwa imeshika vizuri. Zilikufa zenyewe, uso mzima, sawasawa, kama zinavyokufa za yule mwanamke.

Nikarudi kwenye daftari la upishi. Taa tatu zilitoka kwenye unga mpya, niliousafisha mara mbili. Zile tano zilitoka kwenye mabaki ya unga wa mwanzo ambao haukuwa safi vizuri. Kulikuwa na kitu ndani yake, labda kutoka kwenye chupa ya kiyeyusho, na hicho kitu ndicho kilichozihifadhi. Sikijui. Unga ule uliisha zamani, chupa ile ilitupwa. Buluu niliyoieleza dunia haiishi saa elfu. Inaishi saa tisini. Yule mwanamke hakukosea popote.

Nilimpelekea Bosi. Alifunga mlango. Tulizungumza hivi:

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi hakuna kitu kinachojulikana. Makala ina miaka miwili. Watu wamesahau."

"Yule mtafiti hajasahau."

"Yule hana jina."

"Anaandika barua nzuri," nikasema.

Akaniangalia kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko wa koti. "Ukilitoa hilo, huna kiti. Mimi siwezi kukushika mkono. Unalielewa hilo?"

Nililielewa. Nilirudi mezani kwangu, nikaosha vikombe vya watu wote. Hiyo ni siku nane zilizopita. Sijamjibu mwanamke, sijaliandikia jarida lililochapisha makala. Najua lipi ni sawa. Ninalijua kama ninavyojua anwani ya nyumba nisiyoishi.

Mpwa wako


15 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Hatujambo wote, kaka yako yuko njiani, mtoto ameota jino moja, limepinda. Nimeona nilitaje jino kwanza kwa sababu yanayofuata si mepesi.

Umenipa lako. Sasa chukua langu, maana nimelikalia muda mrefu kuliko wewe ulivyokalia droo.

Siku ile niliyokupigia simu ilikuwa Alhamisi jioni. Daktari aliniambia Jumatatu asubuhi. Alinitoa nje kwenye korido, akasema, "Mzee, kama ana watoto wa mbali, waite leo." Nilirudi ndani nikamkuta mama yako amekaa kitako, anagombana na pazia lisilofunga vizuri. Aliniuliza, "Kakwambia nini?" Nikasema, "Kasema tumwite Bi Maswali." Akasema, "Usimwite. Yule ana kazi yake. Akija atakaa hapo kunitazama, na mimi sipendi kutazamwa."

Nikamtii. Hilo ningeweza kukwambia siku yoyote, si aibu kumtii mgonjwa. Aibu ni hii: nilifurahi kumtii. Maana nikikuita, basi ni kweli anakufa. Jumanne alikuwa anasema. Jumatano alikuwa anasema. Alhamisi asubuhi aliniagiza nimkate kucha. Mchana akanyamaza. Jioni ndipo nikapiga simu. Mimi nilikula siku tatu zako, mama. Ungeitwa Jumatatu, miguu yako ingenyanyuka au isingenyanyuka, hilo sijui. Lakini ungeitwa mtu akiwa bado anasema.

Uliniuliza alisema nini mwishoni. Hakuwa amelala. Alisema, "Ukucha wa mwisho umeukata vibaya." Ndilo neno lake la mwisho kwangu. Baada ya hapo hakusema tena na mtu.

Na kuna nyongeza mbaya zaidi. Mazishini watu walisema, "Msomi kaona taa zina maana kuliko mama." Walisema mbele yangu. Ningeweza kuwajibu, "Nimechelewa kumwita mimi." Nikajibu tu kwamba una taa nane. Nikawaachia wakutafune. Kaka yako naye hajui mpaka leo. Jumapili akirudi nitamwambia.

Kibao nimekiandika. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Jina na tarehe mbili, basi, sikuweka neno. Nilidhani mkono utatetemeka. Haukutetemeka. Niliandika kama ninavyoandika duka la dawa, herufi zimekaa sawa, nikasafisha brashi, nikarudi nyumbani. Nilitegemea kitu kitanipata. Hakikunipata. Basi tuko wawili.

Kuhusu barua ya yule mwanamke, mimi si mtu wa kukufundisha. Nitakwambia la kazi yangu tu. Bati lenye kutu ukilipaka rangi juu kwa juu, mwenye duka anafurahi, na wewe unakuwa umeondoka. Rangi inabanduka kwa huyo atakayekuja kupaka baada yako, naye anaonekana ndiye asiyejua kazi.

Mwandikie.

Mjomba wako


3 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Sijakukasirikia. Nilisubiri hasira ije, nikaipa wiki, haikuja. Ile habari ya kucha nimeikubali kama ilivyo. Ni sauti yake kabisa. Kaka alinipigia baada ya wewe kumwambia. Alisema, "Sasa nyinyi wawili mnataka mimi nifanye nini?" Kisha akaniuliza kama nina koti la baridi. Nikasema ninalo.

Nililiandikia jarida tarehe ishirini Julai. Niliwatumia namba za taa zote nane na picha za darubini, na kuwaomba waiondoe makala. Waliiondoa Agosti. Sasa juu yake kuna ukurasa wa maelezo wenye jina langu. Bosi ametoa jina lake kwenye mlango wa ofisi tuliyokuwa tunashiriki, akahamia mwisho wa korido. Hakunigombeza. Ananisalimia kwa cheo. Kiti wamekichukua. Nimepewa kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kupima na kuchuja, mpaka Desemba, baada ya hapo mkataba wangu hauendelei. Wanafunzi wanavunja vioo vingi. Si wabaya.

Yule mwanamke nilimwandikia siku ileile ya jarida. Barua ilirudi: hayupo tena kwenye idara ile. Nilimwandikia msimamizi wake, hakujibu. Nikatafuta namba kwa karani wao, akanihurumia akanipa. Nilimpigia Jumatano saa nne asubuhi, nimesimama kwenye ngazi za nje kwa sababu ndani hakuna sehemu ya kuzungumza.

Nikajitambulisha. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watoto wengi.

"Subiri," akasema, "nitoke darasani."

Nikasikia mlango. Nikamwambia yote kwa mpangilio: nane, tatu, unga wa zamani, unga mpya. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi ili nisiruke kitu. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza:

"Zilikufa saa ya ngapi, hizo tatu?"

"Ya themanini na moja, themanini na nne, themanini na tisa."

"Zangu ni themanini na tatu mpaka tisini," akasema. "Mara zote kumi na moja." Kisha akasema, taratibu sana, "Kwa hiyo nilikuwa nimeipata. Tangu mara ya kwanza nilikuwa nimeipata."

Nikasema ndiyo.

"Waliniondoa Machi," akasema. "Waliandika kwamba mikono yangu haifai kwa maabara. Sasa nafundisha sayansi darasa la saba. Mume wangu alikuwa ananiambia, wewe acha, na mimi namwambia, mwandishi wa makala atanijibu, mtu wa namna ile lazima atajibu."

Barua yake ya kwanza nilikuwa nayo tangu Septemba. Kama ningemjibu mwezi ule, Machi ingemkuta bado na kiti chake. Nilimwambia hivyo. Sikutaka ahesabu mwenyewe.

Akasema, "Niandikie yote haya kwenye karatasi ya chuo, utie saini. Siitaki kwa ajili ya kurudishwa. Nataka mume wangu aisome. Na mama yangu."

Kengele ikalia huko kwake, akasema lazima arudi, na kwaheri aliisema vizuri tu, kama unavyomwambia mtu wa benki.

Niliandika barua yake siku hiyohiyo, kurasa mbili. Nimeipeleka posta kwa mkono. Nilipotoka posta nilikaa kwenye ukingo wa barabara. Sikulia, Mjomba, sitaki udhani nililia. Mikono ndiyo ilianza kutetemeka, yote miwili, mpaka mama mmoja aliyekuwa akipita akaniuliza kama nimekula. Niliitazama mikono ile kama ya mtu mwingine. Ilichukua kama robo saa kutulia. Sijui ni nini. Nakwambia tu kwa kuwa ni jambo la kwanza kunitokea tangu muda mrefu.

Wanafunzi wana likizo ya wiki mbili kuanzia tarehe kumi na saba. Nilikuwa nafikiri kuja. Sitaki watu waitwe, sitaki kukaribishwa sebuleni. Nataka kukaa tu humo chumbani kwa mama nione kama naweza. Nikishindwa nitarudi kesho yake, na wewe usinizuie.

Kama haifai, sema.

Mpwa wako


12 Septemba

Bi Maswali,

Njoo. Hakuna atakayeitwa. Kaka yako atakuchukua stendi, nimemwambia asiongee, ameniahidi, lakini unamjua.

Chumba cha mama yako kina makopo yangu ya rangi, nayahamisha kesho. Harufu itabaki siku mbili tatu, utanivumilia. Kitanda kipo. Ukitaka kulala hapo, lala. Ukitaka kulala kwangu, mimi nitalala sebuleni, magoti yangu hayachagui.

Siku utakayotaka kwenda kaburini utaniambia, na usipotaka hutaniambia. Kesho yake ukitaka kurudi, nitakusindikiza na begi.

Ukifika usigonge mbele. Mlango umevimba kwa mvua, haufunguki. Zunguka nyuma, mlango wa huko nitakuwa nimeuacha wazi.

Mjomba